Damu Tuliyomchagulia Mgeni Makutupora

Risala ya wastaafu wa kitalu cha miche ya zabibu, Agosti 2004

Mgeni rasmi, Dkt. Violeth Ambokile, mtafiti wa saratani,

Kila aliyewahi kushika mkasi katika kitalu chetu anaijua sheria hii: mche dhaifu haupangwi mstari wa mbele, mahali anapopita mgeni. Tunaanza nayo kwa sababu ndiyo iliyokuharibia kazi.

KUKUKARIBISHA

Sisi wastaafu thelathini na sita tunakupokea kwa heshima. Anayekusomea ni Methusela Chidawali, msimamizi wetu wa zamani kitaluni, aliyekuwa pia mwenyekiti wa kundi hili tangu lilipoundwa.

HISTORIA YETU

Wengi wetu tuliingia kitaluni kati ya mwaka 1974 na 1980. Kengele ililia saa kumi na mbili asubuhi, nasi tulikuwa tumekwisha kujipanga. Kazi yetu ilikuwa kuchagua. Tulipanda vipandikizi mia, tukafunga utepe mwekundu kwenye vile vilivyostahimili ukame na ugonjwa wa majani, tukavizalisha hivyo tu, na mwaka uliofuata tukachagua tena. Mzabibu mmoja mzuri ulitugharimu miaka minane. Jioni tulirudi na harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na watoto walitutambua kwa harufu hiyo kabla hatujabisha hodi.

Mwaka 1997, wakati wa ubinafsishaji, kitalu kilifungwa. Tulirudisha mikasi dirishani, mmoja mmoja. Kengele ilipakiwa kwenye lori pamoja na vyuma chakavu, na ilipofika kwenye kona ya barabara ililia yenyewe kwa mtikisiko. Wapo waliosimama wima kwa mazoea.

MAFANIKIO

Miaka miwili iliyopita ulikuja hapa, ukachora ubaoni mnyororo mfupi wa shanga, ukasema hiyo ndiyo peptidi, kipande kidogo cha protini. Ulieleza kwamba kompyuta yako hutunga minyororo elfu, hupima ni ipi inayoweza kunasa alama ya saratani ya ini katika damu, ugonjwa ungali mchanga. Huitupa iliyoshindwa, huichanganya iliyofaulu, hubadilisha shanga moja hapa na pale, kisha huanza upya, kizazi baada ya kizazi.

Sila, fundi wetu wa kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo cha mzabibu mmoja kwenye shina la mwingine, aliropoka: "Kumbe Daktari naye ni mtu wa kitalu! Ila yeye hapigwi jua."

Ulicheka nasi. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu tukabidhi mikasi, tuliona kwamba ujuzi wetu haujafa. Tukakuahidi damu ya wazima na ya wanaougua, ili minyororo yako ipimwe kwa zote mbili.

KOSA LETU

Siku ya kutoa damu, mwenyekiti alisimama mlangoni. Aliwapanga wenye siha mbele, akawarudisha nyumbani waliokonda. Mmoja wao alikuwa Mwamvua Hasani, Mama Rukia, mzaliwa wa Kondoa, mpanga miche wetu kwa miaka ishirini, aliyekuwa akiumwa chini ya mbavu za kulia.

"Mama Rukia, rudi ukapumzike. Mgeni ametoka mbali, hatuwezi kumpa damu ya mgonjwa."

"Mzee, si ndiyo anayoitafuta?"

"Usibishane na msimamizi."

"Msimamizi wa nini, na kitalu kimefungwa? Haya, mpe mgeni wako damu ya sikukuu!"

Aliondoka kwa miguu. Sisi wengine tuliona na tukanyamaza, kwa mazoea ya kumtii.

Barua yako ya mwezi uliopita inasema kwamba damu yote tuliyokupa ni ya watu wenye afya njema, kwamba minyororo yako haikupata cha kutofautisha, na kwamba miaka miwili imepotea. Uliuliza kwa upole tuliwachaguaje watu. Jibu ni hilo. Tunaomba radhi.

MAOMBI

Tunakuomba uanze upya. Wagonjwa kumi na wawili wameridhia wenyewe, na leo hakuna aliyesimamishwa mlangoni.

Ombi letu kubwa ni jingine. Mwamvua amekonda zaidi, na macho yake yameingia umanjano. Hatujui ni ugonjwa gani. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba utafiti wako bado si kipimo cha hospitali, kwa hiyo hatuombi aisubiri kompyuta. Tunaomba gari lako likirudi mjini jioni hii limfikishe kwa daktari, nawe ushuke naye, asije akarudishwa tena.

HITIMISHO

Jumapili tulikutana kumhukumu mwenyekiti. Tuliamua avuliwe uongozi, na mama yule aliyerudishwa mlangoni aushike badala yake. Kiti kilicho kando yako, ambacho ratiba inakitaja kuwa cha mwenyekiti, amekikalia Mwamvua tangu ulipofika.

Mungu, tunayemwomba kanisani na msikitini hapa Makutupora, akulinde njiani na ayabariki macho yako yaone mapema.

Ni sisi,
Wastaafu wa Kitalu cha Miche, Makutupora.
Mwenyekiti: Mwamvua Hasani.
Imesomwa na Methusela Chidawali, mwanachama wa kawaida.