Bibi Harusi wa Galal Mansi

Alasiri ile, kwenye behewa la wanawake la tramu ya Aleksandria, walikaa mbele yangu wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, mwembamba, aliyevaa nyeusi tupu, alisema anakwenda matangani kwa Galal Mansi, yule mwigizaji aliyeanza kwa kuigiza mtumishi wa kubeba sinia na akamaliza akiigiza mapasha, wale mabwana wakubwa wa zamani.

“Nitakaa safu ya mbele na wafiwa,” alisema. “Mimi ni mkewe. Tulifungishwa ndoa kwenye filamu, na shehe alikuwa shehe kweli, maana mwigizaji wa kuigiza shehe alichelewa.”

Mwenzake, mnene mwenye kikapu cha mapera, akacheka. “Hajja, ile ni filamu.”

“Mashahidi walikuwepo. Na filamu iliishia palepale harusini, kwa hiyo hakuniacha.”

“Na mjane wake je?”

“Simfukuzi. Mwanamume anaruhusiwa wanne, mimi wa pili tu.”

Nikajifanya natazama dirishani.

“Watakutoa mbele za watu, mama.”

“Huenda. Lakini kila tulipokutana studio aliniita bibi harusi, hata alipokuwa nyota mkubwa. Wengine hawakujua jina langu.”

Mnene hakucheka tena. Tramu iliposimama, aliinuka naye, ingawa tulipopanda alikuwa ameniambia anashukia mwisho wa reli. Akamtengenezea mtandio begani.

“Utahitaji shahidi,” alisema. “Lakini tunakaa nyuma.”

“Mbele.”

“Basi katikati.”

“Mbele, nimekwambia.”

Tramu ikaondoka, nikawaona bado wamesimama kituoni, wameshikana mikono, wanabishana.