Lundo la Kushoto

Mafuta yalikuwa yamekwenda vitani, kwa hiyo siku hiyo basi la kwenda Ngara lilikuwa lori la maharage. Deodata, juu ya magunia, aliwasikiliza bila haya wanaume wawili waliokuwa wamegundua kwamba kesho watakutana kwenye mashindano ya bao ya vijiji vya ujamaa.

"Mimi nikianza sili haraka," alisema Leonidas wa Kirushya. "Nalundika kete shimo la mwisho kushoto, mwenzangu namwacha ale mbele mpaka ajisahau. Halafu naliamsha lundo."

Shibuda, Msukuma aliyehamia Nyamigogo, alimtazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe gizani. "Na siri hiyo unanipa bure, ndugu?"

"Si tunafundishana?"

"Haya. Mimi huanzia kulia," alijibu Shibuda, macho yakiwa kwenye migomba. Deodata hakuhitaji kuambiwa kuwa huo ni uongo.

Lakini lundo la kushoto alilijua. Marehemu baba yake aliwafunga watu wa Kirushya kwa lundo hilo hilo, miaka nenda rudi, mpaka nao wakajifunza. Leonidas alikuwa amesema kweli tupu, na hapo ndipo Deodata alipoanza kumshuku.

Lori likasimama kwenye kizuizi cha mgambo, wote wakaambiwa washuke.

"Tafuta mjinga mwingine," Shibuda alicheka, akiruka chini. "Kesho upande wako wa kushoto sitautazama kabisa."

Leonidas akakunja uso, kama mtu aliyefumaniwa. Aliukunja vizuri mno.