Plagi za Upande wa Mama

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na duka la vipuri, hatua arobaini na mbili kwa mwendo wangu. Tangu nilipostaafu upimaji ardhi nimeketi hapo kila asubuhi nikinywa kahawa, na wenzangu wameniita Bwana Rula. Alhamisi ile, saa nne kasorobo, vani ya jirani yetu, ambaye sisi humwita Dereva, ilikohoa mara nne mbele ya benchi, kisha ikazimika. Kwenye kiti cha abiria alikuwamo mama yake mzazi. Alikuwa akipelekwa hospitali ya wilaya kutolewa mtoto wa jicho, na daktari wa macho, ambaye hufika hospitali ile mara moja kwa mwezi, huacha kupokea wagonjwa saa sita kamili.

Fundi Spana, fundi magari wa kijiwe chetu, aliweka kikombe chini. Alitueleza kwamba injini ya vani kama ile haikai mbele. Hulala katikati, chini ya viti vya mbele, na plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha petroli, hufikiwa kwa kunyanyua kiti. Akanyanyua cha dereva, akachomoa plagi tatu nyeusi tititi. Dereva akakimbilia dukani kuleta mpya. Zilipofungwa, vani iliwaka, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikazimika tena.

Hapo kahawa ikamiminwa upya na nadharia zikaanza. Kinyozi alishikilia kwamba petroli ina maji. Waziri, mshona viatu tuliyempa cheo hicho kwa kuwa anajua siri zote za serikali ambazo hajawahi kuambiwa, alikuwa na maelezo ya kina zaidi: plagi mpya zimetoka mbali, hazijazoea joto la huku.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema. Zipeni mpaka Jumamosi.

— Jumamosi daktari hayupo, ndugu yangu, Dereva akamjibu. Alikuwa amepigia teksi mbili, hakuna iliyopokea.

Kinyozi akaona ashindwe vipi. Akasema alisikia kwa mtu wa kuaminika kwamba vani ile zamani ilibeba majeneza, na kwa hiyo kila ikiona watu wamekaa benchini hudhani imefika msibani. Waziri akamkubalia, akaongeza kwamba ndiyo maana wahenga walisema mazoea yana tabu.

Mimi nilitoa hesabu. Kilomita kumi na moja, mlima mmoja, makutano matatu: dakika thelathini na tano. Ikipita saa tano na dakika ishirini na tano, nilisema, safari haina maana. Dereva alinitazama kama anayesomewa hukumu.

Mama alikuwa bado kitini. Miguu ilimsumbua, kumpandisha asubuhi kulihitaji watu watatu, na hakuna aliyethubutu kumwomba ashuke. Sasa aligonga mlango kwa kiganja.

— Wanangu, mimi sioni vizuri. Lakini ilipowaka, hapa nilipokaa palitetemeka kuliko huko mnakoshikashika. Kiti changu hakina kitu chini yake?

Waziri alichungulia kikombe chake kitupu. Fundi Spana amezoea vani ndogo za plagi tatu. Alipoziona tatu, aliacha kutafuta. Nami, niliyekokotoa kilomita, mlima na dakika, sikuwa nimekokotoa upande wa pili wa injini.

— Mama, tuliona haya kukuinua, Fundi alijitetea.

— Bora mngeona haya kunichelewesha. Haya, nipeni mikono.

Tulimshusha watu wanne, tukamkalisha benchini, kila mmoja akimpisha zaidi ya ilivyohitajika. Chini ya kiti chake kulikuwa na plagi tatu nyingine, moja imepasuka kigae chake cheupe. Dereva alirudi dukani mbio. Fundi alizifunga mpya, na hakuna aliyemtania. Saa tano na dakika kumi na moja injini iliwaka, ikatulia, ikanguruma kwa pumzi moja. Tukampandisha mama. Waziri alifungua kinywa aseme jambo kuhusu majeneza. Kinyozi akamkanyaga mguu.

Vani ilipokata kona, Fundi Spana alibaki amesimama barabarani na plagi kuukuu kiganjani. Alizihesabu, sita. Akazihesabu tena.