Bi Sijaona na Gari Lililozima Mvuani

Shikamooni wakubwa zetu, na wengine hamjambo. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Sijaona Mrisho wa Lisekese. Alikuwa dereva. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Bi Sijaona Mrisho, dereva wa gari la abiria, Masasi kwenda Newala. Tumemzika Ijumaa iliyopita.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho walimiminika huku kwetu, na magari yaliyokwishatumika yakawa yanashuka bandarini kila uchao. Bi Sijaona na mumewe, Mzee Abuu, waliuza korosho, wakanunua gari dogo jeupe, kuukuu. Macho ya Mzee Abuu yalikuwa yameanza kufifia. Basi mkewe akajifunza kuendesha.

Kiangazi chote mambo yalikwenda. Mvua zilipoanza, gari likaanza visa. Likipita dimbwini tu, linazima. Abiria wanashuka, wanasukuma, wengine wanakata tamaa na kuendelea kwa miguu. Pale stendi watu wakasema gari la mwanamke halifiki. Mzee Abuu ananiambia alimshauri waliuze. Mama Yasmini, kama anavyomwita mkewe mpaka leo, akalipeleka kwa fundi Cyril.

Wakalala chini ya gari wote wawili. Ndani ya madigadi, wasikilizaji, kuna vikinga vinavyozuia maji na matope ya gurudumu yasirukie injini. Kandokando ya vikinga hivyo kuna sponji ya kuziba mwanya. Fundi Cyril alipoigusa, ikamomonyoka mkononi.

“Maji yanaingilia hapa, Mama Yasmini,” akasema. “Yanalowesha nyaya za plagi, injini inazima.”

Sponji ya gari lile haikupatikana Masasi nzima. Bi Sijaona akakata ya godoro, akabandika. Ikanywa maji, ikadondoka. Akarudi nyumbani, akachukua ndala zake za zamani, akazikata kwa wembe vipande vyembamba. Ndala hainywi maji. Akakwangua gundi iliyokauka, akafuta matope, akabandika upya, akarudishia vikinga na kukaza skrubu kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha kweli kweli. Stendi, hakuna aliyetaka kupanda. Akaja Isabela, mwalimu wa Lulindi. Amepata habari kwamba baba yake yu mahututi Newala. Watu wakamwonya.

“Mimi naenda,” Isabela akasema. “Baba hatanisubiri.”

Bi Sijaona akamwambia, “Funga mlango vizuri, mwalimu.”

Isabela anakumbuka kwamba alikaa na viatu mkononi, tayari kushuka na kutembea. Wakaingia dimbwi la kwanza. Gari likapita. Wakaingia la pili, maji yakagonga chini ya sakafu. Likapita. Pale mlimani, wanapoanza kupanda kwenda Newala, Isabela akavaa viatu vyake. Bi Sijaona alimwona, akatabasamu.

Isabela alimkuta baba yake hai. Walizungumza. Baba alipofariki na kuzikwa, Isabela alikuwa pale. Na aliporudi Masasi, alisimama stendi akawaeleza watu wote nani aliyemfikisha.

Tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, watu walimngoja Bi Sijaona. Alibeba maharusi, wagonjwa, wanafunzi na magunia yao. Yasmini, binti yake, anasema kila masika yalipokaribia mama alitandika mkeka, akaingia chini ya gari kukagua sponji mwenyewe. “Alitoka na matope mpaka kwenye nyusi,” anasema, “na alikuwa anajivunia. Sisi pia.”

Mzee Abuu, Yasmini, na ndugu wote wa Lisekese, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, awape subira.

Nasi tuliobaki tutafakari. Ukimwona mtu ameshika kazi ambayo wengine wanasema si yake, na kazi imemkwamia njiani, usishuke upesi. Kaa naye kidogo.