Salwa Huseni, Aliyesimamisha Jaribio la Mbwara

Ndugu waombolezaji, assalaam alaykum. Mimi ni Muharami, baba mdogo wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya binti yetu Salwa kabla hatujamswalia.

Salwa alizaliwa Nyamwage tarehe 9 Machi 1996, mtoto wa pili wa kaka yangu Huseni na shemeji yangu Waride, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari akasomea Ikwiriri, mwaka 2017 akaingia chuo kikuu Dar es Salaam, na baada ya shahada ya kwanza akabaki chuoni kusomea uhandisi wa kibayolojia, yaani kubadili vinasaba vya viumbe vidogo ili vifanye kazi ambayo havikuumbwa nayo.

Yeye alishika bakteria wa udongo, akitaka wakae kwenye mizizi ya mpunga na kuulisha mbolea itokanayo na hewa, na alikuwa amewatengeneza ili wafe wenyewe wakitoka nje ya shamba. Tarehe 2 Juni 2022 aliolewa na Twalha, mwalimu wa Kibiti, na tarehe 18 Agosti 2023 wakajaaliwa binti, Amal.

Jaribio la kwanza lilipangwa kufanyika Mbwara, Novemba 2024, kwenye shamba la baba yake mwenyewe kando ya mto, majaruba yameshalimwa, wafadhili wanasubiriwa. Oktoba, akiwa maabara, Salwa akaona baadhi ya wale bakteria wanabaki hai pale walipotakiwa kufa. Wakubwa wake wakamwambia ni wachache mno, asaini tu jaribio liendelee, akakataa, wakamwambia shahada yake ya uzamivu iko hatarini, akapanda basi akaja kusimama kwenye mkutano wa kijiji, akawaomba wakulima wasikipokee alichokitengeneza kwa mikono yake.

Nilikuwepo. Watu walimzomea, na kaka akanyanyuka, akamwuliza, "Salwa, sasa ulitulimisha kwa nini?"

Akajibu, "Baba, nikikosea maabara nachoma vyombo. Nikikosea shambani kwako, nitachoma nini? Mto?"

Jaribio likafutwa, ufadhili ukaondoka, na baba yake hakupokea simu zake mpaka Ramadhani, alipompigia mwenyewe kumwuliza kama amefuturu. Salwa alikuwa ameanza kazi upya kwa vifaa vya kuazima, na Mei mwaka huu, 2025, bakteria wake wapya walikufa wote kama alivyokusudia.

Wakati huo alikuwa mjamzito. Tarehe 11 Juni presha ilimpanda ghafla, akashikwa na kifafa cha mimba nyumbani Kibiti, akakimbizwa hospitali, kisha Dar es Salaam, madaktari wakampasua wakamwokoa mtoto wa kiume, lakini mama hakuzinduka, na tarehe 14 Juni Mwenyezi Mungu akamchukua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani wa Kibiti waliombeba hadi garini, wenzake wa maabara waliosafiri kuja kumzika, na ninyi wakulima wa Mbwara, ambao siku ile mlimzomea na leo ndio mliochimba kaburi lake.

Mtoto bado yuko hospitali, analishwa kwa mrija, na baba yake hajampa jina. Salwa, Mola akupokee kwa rehema zake. Pumzika kwa amani, mwanangu, wanao tunao.