Mwenye Jicho Hakunituma

Bismillahi. Asalaam alaykum, mabibi zangu. Kaeni, kaeni, msiinuke kwa ajili yangu. Mwenye nyumba kaniambia niseme kidogo tu kahawa isipoe. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Miye nnakuja hapa Mawaleh mwaka wa pili sasa, kwenye kikao hiki cha waliougua na waliouguza. Halwa yenu nnakula, hadithi zenu nnasikiliza, na kila zamu ya kusema ikinifikia nnajitia mafua. Leo sina mafua. Leo dada yangu kaja nami, yule pale aliyekaa karibu na mlango, na haya nitakayoyasema hata yeye hajayasikia yote. Dada, nivumilie. Majina ya watu sitataja, ya wazuri wala ya waovu.

Mnajua sisi watu wa Maskati. Mtu akishika kiuno tu, kabla hajasema kinamuuma wapi, jamaa washauliza: Bangkok au India? Miye mgongo wangu ulipokataa kabisa n'lichagua Bangkok. Wanangu wana kazi, mume wangu Mungu amrehemu, nani atanifuata? Dada. Tangu mama yetu afe, miye mtoto wa miaka saba, dada ndiye aliyenilea, na mpaka leo hunambia "we mtoto" mbele ya wajukuu zangu.

Dada anashona kofia. Si hizi za mashine, za mkono, wanaume wanaziagiza kwa ajili ya harusi na Idi na wanangoja miezi. Alipofunga sanduku alitia kofia moja iliyofika nusu, nyuzi zake, na mkasi mdogo wa ncha kali wa kukatia uzi. Mkasi huo ni wa mama, tulitoka nao Unguja. Ukumbukeni mkasi huo.

Operesheni ilikwenda vizuri, alhamdulillahi. Siku ya nane daktari akasema nitembee asubuhi, hatua chache, barabarani nje ya hospitali. Tukatoka, miye na dada. Tukasimama kituo cha basi tungoje taa ya kuvukia. Jua kali, watu wengi, wanafunzi wa vyuo vya ufundi wamekaa wamevaa mashati ya vyuo vyao. Zikaja pikipiki tatu zina vijana wenye mashati ya rangi nyengine. Miye sikushughulika, vijana wa pikipiki wako kila pahala, hata huku kwetu Maskati wanatupitia masikioni na vyakula vya watu.

Ghafla dada akanivuta mkono kwa nguvu. Mgongo ukaniuma mpaka n'kaona nyota. N'kamwambia kwa ukali, "Unan'vuta nini? Hujui kama nimeshonwa?"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho dada yangu kuyasikia akiwa na macho mawili.

Kijana mmoja juu ya pikipiki ile alikuwa na bastola ya kutengeneza wenyewe, inatapika vyuma. Aliwalenga wale wa chuo chengine. Chuma kimoja kikaingia jicho la kulia la dada yangu. Hospitali iko pale pale, wakamkimbiza, wakafanya waliloweza. Jioni daktari akaja kunambia jicho limetolewa. Miye niliyekuja kutibiwa n'kalala kiti cha mwenye kuuguza, na aliyekuja kuniuguza akalala kitandani kwangu.

Mabibi zangu, nawaambia, n'lichukia. Msidhani nasema chuki ya kukunja uso. N'likuwa silali kwa kufikiri nimfanye nini kijana yule, na kufikiri huko kulikuwa kutamu. Nakwambieni kweli, kulikuwa kutamu kuliko dawa ya maumivu niliyopewa.

Kijana alikimbia. Wiki mbili hajulikani alipo. Miye nimekaa na simu, na kwenye grupu la ukoo kila mtu kawa hakimu. Mjomba mmoja anasema polisi wa kule hodari, watampata, kawaona kwenye televisheni. Binamu anajibu, hodari wa nini, kwao hakuna kitu bila mkubwa kusukuma. Mwengine anasema vijana wa magenge dawa yao kamba. Na mmoja, Mungu amsamehe, akaandika, "Mngelikwenda India." Hospitalini pia watu hawakuwa na kauli moja. Mwenye kufagia anasema polisi wanafanya kazi. Dereva wa teksi anasema wamekazana kwa sababu aliyeumia mgeni, angekuwa mtu wa mtaani kwao faili lingelala. Kila mmoja kasema lake, na miye n'kachukua katika kila kauli ile inayozidisha moto tu. N'karikodi sauti yangu nasema kijana yule naye atolewe jicho hadharani. Sauti ile ilifika mpaka Unguja, watu wananipongeza.

Kisha wakamkamata. Ana miaka kumi na tisa.

Hospitali ile ina mkalimani, mwanamke wa Kithai Muislamu, Kiarabu chake kizuri kuliko changu. Akanieleza kwamba kwao polisi wakishamkamata mtu na akakiri, wana desturi ya kumrudisha pahala alipofanya kosa, aonyeshe mbele yao alivyofanya, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na watu huja kutazama. Kawaida askari mmoja husimama badala ya aliyeumia, lakini miye n'likuwepo siku ile, wakaniomba nije nionyeshe tulisimama wapi.

N'kamuuliza mkalimani swali moja tu. "Atakuwa karibu yangu?"

Akasema, "Hatua mbili, tatu."

Dada amelala. N'kafungua sanduku lake n'katoa mkasi wa mama. N'kautia kwenye mkono wa abaya langu, hapa, n'kaufunga kwa mpira wa nywele. Jicho kwa jicho, si imeandikwa? Basi miye ndiye nitakayesoma na miye ndiye nitakayetekeleza. Hivyo ndivyo n'livyojiambia.

Tulipofika pale kituoni watu wamejaa. Wamezungushiwa utepe, kila mmoja simu juu. Akaletwa kijana, wamemvisha kofia ngumu na fulana ya kuzuia risasi, mikono ina pingu. Watu wakaanza kumzomea. Sikijui Kithai, lakini matusi hayahitaji mkalimani. Miye moyo wangu ulifurahi. N'lisema ndani, zomeeni, zomeeni tena.

Afisa akaniuliza tulisimama wapi. N'kasimama. "Miye hapa, karibu na mlingoti. Dada yangu pale, nyuma yangu kidogo." Wakampa kijana kijiti badala ya bastola, akakinyanyua. Mabibi zangu, kijiti kile kilinitazama miye. Kifuani, hapa.

Afisa akapekua karatasi zake. Akasema na mkalimani. Mkalimani akanambia, "Wanasema haiingii akilini. Ukiwa wewe ulisimama hapo, chuma kingekupiga wewe. Lakini maelezo ya dada yako yanaeleza." Akanisomea, maneno aliyoyatoa dada kitandani polisi walipokuja, siku ambayo miye n'lipelekwa kubadilishwa bendeji. Dada alisema: "Niliuona mkono wa kijana umenyanyuka. Nikamvuta mdogo wangu nikamweka nyuma yangu."

Hakunambia. Wiki mbili nimekaa mbele ya kitanda chake, hakunambia.

N'kiwa bado nimesimama na maneno hayo, mtu mmoja akaruka utepe. Akamrukia kijana teke la ubavu, na kijana mwenye pingu hana cha kujizuilia, akaanguka chini, kofia ngumu ikamtoka. Aliangukia hapa, miguuni pangu. Askari wanahangaika na yule mtu aliyeruka. Uso wa kijana uko wazi, macho yake mawili yananitazama, na mkasi ushanishuka kiganjani, sijui saa ngapi n'liufungua. Na watu wanapiga kelele wananihimiza miye. Simu zote zimenigeukia. Walikuwa wanangoja.

Nawaambia kilichonizuia, na msinipambe. Haikuwa huruma. Sikumwonea huruma kijana yule, mpaka leo simwonei. Kilichonijia kichwani ni hesabu ya kisheria tuliyosomeshwa utotoni kwenye chuo cha Kurani, kwamba kisasi kina mwenyewe. Mwenye haki ya jicho ni aliyetolewa jicho. Yeye ndiye wa kudai na yeye ndiye wa kuacha. Na mwenye jicho hakunituma. Mwenye jicho kalala kule, na jicho lenyewe kalitoa ili miye nisimame hapa mzima, na miye nimekuja na mkasi wake niliomwibia. Lau n'ngelimchoma, n'ngelikuwa nimemnyang'anya dada mara ya pili.

N'kaurudisha mkononi mwa abaya. Askari wakamwinua kijana, wakamrudisha garini. Mkalimani aliuona mkasi. Alinishika kiwiko, akanitoa pale taratibu, hakusema na mtu yeyote. Ndani ya gari letu ndipo akanambia kwamba kijana yule naye alikuwa analipiza, rafiki yake alipigwa na wale wa chuo chengine, na wale nao walipigiwa mwenzao kabla, ugomvi ambao wakubwa zao waliuacha vyuoni zamani na wadogo hawajui hata chanzo chake. Miye n'likuwa natazama mkono wangu.

Siku ya pili mama wa kijana akaja hospitali na mashada ya maua, akapiga magoti, akaweka kichwa chini mbele ya kitanda. Dada, na bendeji yake, akasema, "Mwambieni ainuke. Anayesujudiwa ni Mungu. Sina ugomvi naye yeye. Mwanawe ahukumiwe." Basi. Hakulia, hakutukana, hakusamehe. Yule mama alipotoka, dada akaniuliza, "We mtoto, mkasi wangu hujauona?"

N'kasema sijauona.

Tukarudi Maskati. Ile video ya kijana anapigwa teke ilitutangulia, mkasi hauonekani humo, upindo wa abaya uliufunika. Watu wakija kutujulia hali wananiletea kwenye simu kama tunu, tazama, kapata, kapata. Na miye natazama nao. N'liitazama peke yangu pia, chooni, jikoni, n'kiirudisha pale anapoanguka. Na mkasi n'liuweka mkobani. Mwaka mzima na zaidi nnatembea nao. N'kienda sokoni ninao, n'kienda harusini ninao. Kijana kahukumiwa, yuko jela, n'lipopata khabari n'lifurahi, lakini haikunitosha. N'likuwa nimeliacha jicho lake, na mkasi bado nimeukamata.

Dada akarudia kushona. Mwenye jicho moja kutunga uzi kazi, namtungia miye. Mikasi ya dukani alinunua, akaitupa, anasema inamkata vidole, hajui ncha inaishia wapi. Ule wa mama mkono wake ulikuwa unaujua bila ya kuutazama. Mwezi uliopita n'liingia kwake n'kamkuta kwenye kiti, kofia iko magotini, anakata uzi kwa meno. Dada yangu, mtu mzima, meno yenyewe yaliyobaki tunayajua, anatafuna uzi kama mbuzi. Na miye mkoba uko begani, mkasi umo ndani.

Pale ndipo n'lipojiona. Kijana kamchukulia dada jicho. Lakini kazi yake nani kamchukulia? Yule yuko jela. Miye niko huru na nnakula halwa hapa.

Basi namshukuru mkalimani yule, popote alipo, aliyeona na akanyamaza. Nakushukuruni nyinyi, mlionisikiliza mafua yangu ya uwongo bila kuniuliza. Na mtu asinipe hongera ya kusamehe, sijasamehe. Kijana akae alipo, na akitoka atoke mzee. Hilo ni baina yake na dada, na Mungu wao. Somo langu dogo tu: mwenye kiu ya kisasi chunguza kwanza kina mwenyewe nani, kisha tazama umeshika nini mkononi, pengine ulichoshika ni cha aliyeumia.

Dada. Huu hapa mkasi wa mama. Haukupotea. N'liuiba kwenye sanduku lako usiku huna habari, n'litaka kumtoa mtu jicho nao, kisha n'kakuficha mwaka na zaidi. Na siku ile uliponivuta n'kakukaripia, sikujua. Sasa najua. Usiinuke, nnakuletea miye.

Mnamsikia anavyosema? Hasemi pole wala hasemi lolote la maana. Anasema, "We mtoto, hivyo ndivyo unavyompa mtu mkasi? Shika ncha wewe, nipe mpini."

Haya, dada. Ncha nimeishika miye.