Miaka Thelathini ya Wabwile na Mifereji Saba

Bwana Wabwile Khisa, mtunza uwanja wa klabu ya Suam Rovers hapa Kitale, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini kamili ya kazi. Katika miaka hiyo klabu imebadilisha makocha wakuu kumi na saba, wenyeviti sita, na rangi ya jezi mara nne. Mtunza uwanja haikumbadilisha. Tabby wa ofisini ameniomba nimseme mstaafu wetu kwa maneno mazuri, na ndiye anayeandika, maana mimi shule sikuiona hata mlango. Mazuri yapo, na ni ya Wabwile. Ya wengine nitayasema vile yalivyo. Nimewapikia watu wa klabu hii miaka ishirini na miwili na hakuna hata mmoja ninayemwogopa.

Wabwile ni mzaliwa wa Mabanga, kule Bungoma. Alikuja hapa mwaka wa 1995 kurekebisha ua, kibarua cha wiki mbili. Ua ulipoisha mvua ikaanza, na uwanja ukawa wa kupanda mpunga. Wabwile alikaa juu ya jiwe siku tatu akiangalia maji yanasimama wapi na yanataka kwenda wapi. Mwenyekiti wa wakati huo akamwita mvivu. Siku ya nne alichukua jembe, na hakuliweka chini mpaka mwaka huu.

Kwa miaka miwili alichimba mifereji saba. Sita iko chini ya nyasi, imejazwa mawe na kufunikwa, na wewe unayecheza juu yake hujui unakanyaga nini. Hiyo sita yote inamwaga kwa mfereji wa saba, ule mkubwa ulio wazi upande wa chini karibu na jiko langu, ambao unapeleka maji hadi mtoni. Hakuna ramani. Hakuna karatasi. Iko kichwani mwa Wabwile. Ndiyo maana Kitale kunyesha na mpira kuchezwa jioni hiyo hiyo limekuwa jambo la kawaida, na watu wakafikiri ni Mungu tu.

Nyasi alizikata kwa slasha na kwa kondoo watano. Hapa lazima niseme ukweli: kila kocha alipofukuzwa, mwana-kondoo aliyezaliwa baadaye alipewa jina la huyo kocha. Wabwile alisema ni heshima. Siku moja kocha wa zamani alikuja kutusalimia, akasikia Wabwile akipiga kelele, "Wee! Toka kwa goli, huna kazi hapo!" Mgeni akageuka amekasirika, kumbe anayeambiwa ni wajina wake mwenye manyoya. Tulimpa chai akatulia.

Sasa tuje kwa msimu huu, maana mtu hastaafu kutoka hewani.

Mwezi wa tisa mwaka jana kamati ilituletea kocha mkuu mpya, Derrick Ndirangu, kutoka Nairobi. Alikuja na tableti, koni mia moja za rangi, na vijisidiria vya kuwavalisha wanaume wazima ili mashine imwambie nani amechoka. Mimi nawajua waliochoka kwa kuangalia sahani. Lakini mimi ni mpishi, nani ataniuliza.

Siku ya kwanza aliwatoa kondoo, ati klabu ya kulipwa haichungi mifugo. Akaleta mashine ya kukata nyasi. Mashine ilimeza jiwe wiki ya pili na bado iko stoo, imekaa kimya kama mkwe.

Mchezo wa kwanza wa nyumbani alitoa amri uwanja umwagiliwe maji saa saba na nusu, ili mpira uteleze na pasi ziende haraka. Mwezi wa tisa. Kitale. Kumwagilia uwanja Kitale mwezi wa tisa ni kama kumpelekea mkulima wa mahindi wa Trans-Nzoia zawadi ya gunzi. Wabwile alishika paipu, akaangalia upande wa Mlima Elgon, akasema kwa adabu, "Kocha, hiyo wingu nyeusi inakuja na yake." Kocha akamjibu, "Mzee, mimi nafuata sayansi." Saa tisa kasoro sayansi ya mlima ikafika. Tulifungwa mawili bila, na la pili mpira ulikwama kwa tope mbele ya kipa wetu Kim, mshambuliaji wao akauokota kama kiazi.

Nisimnyime haki yake. Mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, kukiwa na jua, vijana walicheza vizuri. Kocha alitembea kama mtu aliyeoa juzi. Na ni katika jua hilo alifanya kosa la mtu ambaye hajawahi kukaa hapa mwezi wa nne. Aliuona mfereji mkubwa ukiwa mkavu, akauliza hilo shimo ni la nini, atavunjika mtu mguu, na hapo ndipo anataka kuweka viti vya wachezaji wa akiba. Malori matatu ya udongo yakaletwa kuufukia. Wabwile alimwambia mara tatu. Alienda hadi kwa Mwenyekiti Nderitu, na mwenyekiti akasema kocha ndiye mtaalamu. Huyu mwenyekiti wetu ana shamba la ekari kumi na tano huko mahali panapoitwa Kwanza, na mifereji kila upande! Lakini akivaa tai anasahau maji ni nini.

Wabwile hakunyamaza, ndipo akapewa barua. Tabby alimsomea: akionekana tena na jembe uwanjani bila ruhusa ya kocha, ataachishwa kazi siku hiyo hiyo, hakuna kuagwa, hakuna barua ya shukrani. Mwenye miaka ishirini na tisa na nusu kazini! Mkewe Nekoye, aliyeko shambani kwao Ndalu, alikuwa ameshawaalika watu wa kanisa na kuchagua jogoo. Wabwile alikunja barua akaniambia, "Nyaruai, mimi sitaki kitu kingine. Nataka nitoke kwa hiyo geti mchana, watu wangu wakiniona, nisitoke kama mwizi wa kuku." Basi akaweka jembe stoo. Kwa miezi mitano alipaka mistari chokaa na kufunga nyavu.

Mvua ya mwezi wa nne ilikuja. Maji yalifika kwa udongo wa kocha yakarudi nyuma, yakapanda kupitia mifereji yote sita. Kona ya chini ikawa bwawa. Michezo miwili ya nyumbani ilivunjwa katikati, na ligi ikatuandikia: mara ya tatu uwanja ukikataa, pointi zote ni za wageni. Tulianza kuporomoka kwenye jedwali. Kufika mwezi wa sita tulikuwa na mchezo mmoja umebaki, Jumamosi tarehe 21, hapa nyumbani, na Sang'alo United kutoka Bungoma. Tukishinda tunabaki kwenye ligi. Tukikosa tunashushwa daraja, na vijana ishirini na tano wanaenda nyumbani kutafuta kibarua cha kupalilia.

Alhamisi ilinyesha. Ijumaa ikanyesha. Ijumaa jioni kocha aliwaonyesha wachezaji mishale kwenye tableti, na nje bata wa jirani walikuwa wanaogelea pale kwenye kona.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilifika kuwasha moto nikamkuta Wabwile amevaa gambuti, ameshafukua hatua nne za mfereji. Nilimuuliza kama amesahau barua. Akasema, "Barua ninayo mfukoni. Usisimame tu hapo, leta sururu." Nilileta. Joan, anayefua jezi, akaja na koleo. Nahodha Tonny alitokea na wenzake sita, Wabwile akawafukuza: "Nyinyi mko na mechi! Nendeni mkalale, miguu yenu si ya kuchimba."

Saa mbili kocha akafika. Alisimama juu ya udongo wake akamwangalia mzee ndani ya shimo.

"Mzee, nilisema nini?"

"Ulisema ukiniona na jembe. Umeniona."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Ngoja nimalize, halafu unifukuze."

Kocha akapiga simu. Mwenyekiti Nderitu akaja na tai yake, akaangalia bwawa, akaangalia mfereji, akaangalia saa, akasema suala hilo litajadiliwa Jumatatu. Hiyo ndiyo kamati yetu. Nyumba ikiungua wataomba kikao. Mimi nilimwambia asogee, amesimama penye tunatupa udongo.

Saa nne na dakika kidogo jembe lilipasua pale pa mwisho na maji yakatoka kwa kishindo. Joan alianguka kwa makalio. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Wabwile alikuwa bado anatoa tope kwa mikono. Ilipofika saa saba kona ilikuwa imelowa tu, kama shamba la kawaida.

Wageni walikuja na mabasi mawili, na ngoma, na nani yuko mbele? Wangila, ndugu yake Wabwile wa tumbo moja, amejipaka unga usoni. Alipoona mfereji umefunguliwa alishika kichwa. "Wabwile! Wewe ni mtu wa aina gani? Ungelala tu nyumbani leo, sisi ndugu zako tungepata pointi bila kutoka jasho!" Wabwile akamjibu kutoka ng'ambo ya ua, "Pointi ya maji mtapeleka wapi? Chezeni mpira bana!" Watu wa Bungoma wenyewe walimcheka Wangila.

Refarii alitembea uwanja mzima. Kwenye kona ya chini aliinua mpira mpaka kichwani akauachilia. Wabwile hakuangalia, alikuwa amegeukia jiko. Mpira uliruka hadi kiunoni. Refarii akauchukua, akautupa mara ya pili, ukaruka tena, na akapuliza kipenga wachezaji waingie.

Tulishinda moja bila. Dakika ya sabini na moja Tonny alipiga kona kutoka hapo hapo palipokuwa na bata, mguu wake haukuteleza, na beki wetu akaweka kichwa. Tumebaki kwenye ligi. Jioni kocha alisema redioni kwamba mfumo wake umezaa matunda. Nilikuwa nasonga ugali, nikaizima hiyo redio.

Jumatatu kamati ikajadili, kama ilivyoahidi. Ikaamua Wabwile aandike barua ya kuomba msamaha kwanza, ndipo aagwe. Wabwile alisimama mbele yao na gambuti zake akauliza, "Niandike nimekosea nini? Ya kwamba mlicheza?" Hakuandika. Alitoka akaanza kukusanya vitu vyake stoo, na nilimwona anakunja koti lake la kazi polepole sana, na ikaniuma.

Wachezaji waliposikia, Tonny alienda ofisini na kusema Wabwile asipoagwa hata mchezaji mmoja hatakuja kwa sherehe ya kufunga msimu. Mimi nikaongeza kwamba hata chakula hakitakuja. Kamati ilifikiria wachezaji, ikafikiria pilau, ikapata busara. Kwa hivyo mnashika karatasi hii mkononi, na barua ya shukrani imeandikwa, imepigwa muhuri, na Tabby amenisomea yote nione kama ni ya kweli.

Jumatano kocha alikuja uwanjani peke yake. Hakusema pole, hilo neno halimo kwenye tableti. Aliuliza ile mifereji mingine sita inapita wapi. Wabwile alimwangalia kwanza viatu, akamwambia kwa viatu hatasikia. Basi huyu kijana alikaa kwenye nyasi, akavua viatu na soksi, akakunja suruali, na wakatembea wawili peku kutoka juu mpaka chini, saa nzima, mzee akisimama kila hatua kumi na kumwambia hapa, kanyaga, umesikia baridi? Akasema amesikia. Mimi bado sijamsamehe, lakini siku hiyo nilimwekea nyama.

Wabwile, kwa niaba ya wachezaji, wafanyakazi na hata kamati, asante. Umetushika tukiwa tunazama na hukungoja ruhusa. Nenda Ndalu kwa Nekoye, umsaidie kuvuna maharagwe, ulale mpaka jua liwe juu, ule vizuri, na miguu yako ikauke sasa. Jumatatu saa sita mchana geti kubwa litafunguliwa pande zote mbili, Wangila na watu wa Mabanga watakuwa upande wa kulia, sisi upande wa kushoto. Tembea katikati. Usiharakishe.